Usingoje Watoto Wakue

  

Leo nazungumza na wasikilizaji wa Geita na Shinyanga wenye watoto wadogo. Nasema nyumba ile ambayo yupo anayenyonya, yupo aliyeanza kusimama kwa kushika kiti, na yupo wa chekechea ambaye kila jibu unalompa linazaa swali jingine. Katika nyumba hiyo mtu akisema ameamua kusoma vitabu vilivyoshinda tuzo, kimoja baada ya kingine, watu wake wa karibu watamjibu kwa huruma: ngoja kwanza watoto wakue. Mimi nimeambiwa hivyo mara nyingi, na walioniambia wananipenda. Lakini siyakubali maneno hayo, na jioni hii naomba nieleze kwa nini.

Kwanza tuijue orodha yenyewe, maana wengi wetu tukisikia vitabu vya tuzo tunadhani ni vya Kiingereza, vimeandikwa na watu wa mbali kuhusu maisha ya mbali. Mwaka 2014 Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi walianzisha tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoitwa Mabati-Cornell, ambayo siku hizi inajulikana kama Safal-Cornell. Cornell ni chuo kikuu cha Marekani. Mabati ni haya haya ya kuezekea: fedha zimetoka kwa kampuni ya Mabati Rolling Mills ya Kenya na ndugu yake wa Tanzania, ALAF. Mwaka 2015 Anna Samwel Manyanza alishinda kwa riwaya ya Penzi la Damu, na Mohammed Ghassani, Mpemba anayefanya kazi ya utangazaji Ujerumani, akashinda kwa diwani ya N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini. Mwaka 2017 riwaya ilikuwa Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali, na ushairi ulikuwa wa Dotto Rangimoto, Mwanangu Rudi Nyumbani. Mwaka 2018 akaja Zainab Alwi Baharoon na Mungu Hakopeshwi, na Mkenya Jacob Ngumbau Julius na Moto wa Kifuu. Hayo ni majina ya wenzetu, wengine wanaishi mwendo wa basi moja au mawili kutoka hapa.

Upande wa serikali kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na kitabu chake huchapishwa ili kifike shuleni na maktabani. Kilele chake kimewekwa tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu mwaka 1922. Hapa nivumilieni niseme jambo linalonifurahisha kila mwaka: tarehe hiyo hiyo, 13 Aprili, mwaka 1944, kule Namagondo, Ukerewe, alizaliwa mwandishi Euphrase Kezilahabi. Ukitoka Geita ukaenda ufukweni, ziwa unaloliona ndilo lililokizunguka kisiwa cha Kezilahabi. Kwa hiyo siku ya tuzo ni yetu sisi watu wa ziwa mara mbili, hata kama jukwaani jina lake halitajwi.

Hiyo ndiyo orodha. Mimi nimeongeza kitabu kimoja ambacho hakikushinda tuzo hizo mbili, nacho ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Mwandishi alipata Nobeli mwaka 2021, tafsiri ikatoka kwa Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kisa chake ni cha mtoto Yusuf aliyetolewa na wazazi kulipia deni la baba. Mzazi wa Kanda ya Ziwa asiyeguswa na habari hiyo sijui ni yupi.

Sasa, kwa nini usingoje?

Nianze na watoto wenyewe. Mtoto wa miaka mitatu, minne, mitano yuko kwenye kipindi cha kukusanya maneno, na kipindi hicho hakimsubiri mama amalize shughuli zake. Katika mikoa yetu Kiswahili hakimwagiki kila mahali kama Tanga au Unguja. Bibi anasema Kisukuma, jirani ni Msumbwa, aliyepanga chumba cha uani ni Mha, mwenye duka ametoka Bukoba. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, lakini mara nyingi ni Kiswahili cha kazi. Mtoto aliyekulia Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, anajua duara, anajua karasha, anajua mwalo na marudio kabla hajaanza darasa la kwanza, na maneno hayo ni mali yake, sitaki mtu amcheke. Ila ni maneno ya kazi moja. Hayatoshi kumwambia mwalimu kilichomuumiza moyoni, wala kusimulia ndoto, wala kuomba radhi vizuri. Waandishi wa orodha hii ndio watu wanaokifanyia Kiswahili kazi ngumu zaidi wakati huu. Miswada yao imepita mbele ya majaji, imeshindanishwa, imechujwa. Kama Kiswahili hicho hakiingii katika nyumba yenye watoto, basi kinaishia kwenye rafu za vyuo vikuu.

Wapo watakaosema: msomee mtoto vitabu vya watoto, vya mama vitakuja baadaye. Vitabu vya watoto tuvisome, tena sana. Lakini kuna kitu ambacho kitabu cha watoto peke yake hakimpi mtoto. Akimwona mama yake ameshika kitabu kisicho na picha, ametulia, anacheka peke yake au amekunja uso, anapata habari kwamba kusoma ni jambo la watu wazima, kwamba mama ana mahali pake pa kwenda bila kuondoka kwenye mkeka. Mtoto anayeona kitabu kimewekwa mbele yake tu, na wakubwa hawana habari nacho, atakihesabu pamoja na dawa ya minyoo: kitu cha wadogo, cha lazima, kinachoisha ukikua.

Kuna ngano ya Kisukuma ambayo wengi wenu mmeilalia usingizi, ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote. Alibaki mwanamke mmoja mjamzito, akajificha, akajifungua mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa, aliyekuja kuliua zimwi na kuwatoa watu tumboni mwake. Wasimuliaji hukazia ushujaa wa kijana. Mimi tangu nimekuwa mama namfikiria yule mwanamke mafichoni. Nchi imekwisha, hakuna shangazi, hakuna jirani, hakuna ngoma. Kila alichojua yule mtoto kuhusu watu waliomezwa, alikijua kwa mdomo wa mama yake. Angekaa kimya mpaka mtoto akue, mtoto asingejua kuna mtu wa kukombolewa.

Nije kwenye namna ya kusoma, maana hapo ndipo ugumu ulipo. Muda hakuna. Mama anayeamka alfajiri kuwasha jiko, anayeuza chakula kwenye mwalo, anayerudi na kuni au ndoo ya maji, huyo hana saa mbili za utulivu. Mwenye ajira naye hana. Akifika nyumbani kuna nguo, kuna homa, kuna daftari la mtoto wa shule. Ukichukua riwaya nene ukasema nitaimaliza wiki hii, utaumia, na utaanza kukichukia kitabu kisicho na kosa.

Ushauri wangu ni huu: anza na diwani. Shairi linakuja limekatwa tayari kwa kipimo cha mama. Beti tatu zinasomeka mtoto anaponyonya titi moja, na nyingine anapohamia titi la pili. Ukikatizwa katikati, hujapoteza wahusika wala kisa. Unarudi mwanzo wa ubeti na mambo yako pale pale. Halafu ushairi wa Kiswahili umetungwa kwa ajili ya sauti. Mizani na vina viliwekwa ili sikio lishike. Ukiusoma kimyakimya umeula nusu. Usome kwa sauti, na aliye mgongoni atalala kwa mapigo yake, na yule wa chekechea atashika kituo cha mwisho cha ubeti bila wewe kumfundisha, akirudie akichezea vifuniko vya soda. Hajui maana. Wewe ulipoimba nyimbo za kuruka kamba ulijua maana ya kila neno?

Ninavyoona, hapa tuzo ya Mabati-Cornell ilifanya jambo la hekima kubwa kuliko linavyosemwa, pale ilipoupa ushairi kiti chake pembeni ya riwaya badala ya kuuacha mlangoni. Wauzaji wa vitabu wanalalamika diwani hazinunuliwi. Nafikiri hawajawauzia akina mama wanaonyonyesha.

Riwaya zinahitaji mbinu nyingine. Riwaya nyingi zina sura, na sura ndiyo kipimo. Sura moja ikipatikana usiku mmoja, vizuri. Ikichukua wiki, vizuri vilevile. Jambo la maana ni kuimaliza sura kabla hujaweka kitabu chini kwa muda mrefu, kwa sababu ukiacha katikati ya sura, utarudi umesahau nani alikuwa amekasirika na kwa nini. Katika nyumba ambazo baba anafanya shifti mgodini, zile siku zake za mapumziko zina nafasi nzuri. Akina baba, nawaomba kwa heshima zote. Baba akikaa na watoto jioni moja, mama akaingia chumbani na kufunga mlango na kitabu chake, hapo baba amechangia elimu ya watoto kama aliyelipa ada. Na baba akisoma yeye mwenyewe kwa sauti, watoto wakamsikia, amechangia mara mbili. Sauti ya baba ikisoma ni kitu adimu katika nyumba zetu. Watoto huikumbuka.

Si kila ukurasa ni wa kusomwa kwa sauti. Riwaya za orodha hii zimeandikwa kwa ajili ya watu wazima, na zina mambo ya kitandani, ukatili na kifo. Rosa Mistika ya Kezilahabi, isiyo ya orodha hii, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na ukisoma jinsi Zakaria anavyomtendea binti yake utaelewa kwamba kuna kurasa za mama peke yake. Mama ndiye mwenye kuchagua. Mandhari, safari, mabishano ya sokoni, maelezo ya mvua na chakula, hivyo msomee kwa sauti. Kipigo kisome kimya, kisha zungumza na mwenzio watoto wakishalala. Kuna mazungumzo ya ndoa ambayo sisi watu wa huku hatujui pa kuyaanzia, na nimeona kitabu kikiyaanza bila mtu kulaumiwa. Mungu Hakopeshwi ni riwaya ya namna hiyo, ya familia chini ya mamlaka ya baba. Mbele ya kitabu unaweza kumsema baba wa Zanzibar, na wa Geita akasikia.

Nikishataja familia, siwezi kumpita Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe, ingawa hakushinda tuzo yoyote ya orodha hii na wala tuzo hizo hazikuwepo wakati wake. Alimaliza kuandika kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakichapa kwa juzuu mbili mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Alifariki mwaka 1981. Kisa ni cha mume na mke wanaopendana na wanaotafuta mtoto kwa kila njia. Kitereza na mkewe nao waliwazika watoto wao. Mtu aliyenyimwa watoto alikaa akaandika kwa subira yote hiyo jinsi mtoto anavyotamaniwa, anavyopokewa, anavyolelewa, kuanzia chakula mpaka heshima kwa wakwe. Mama aliyechoka, anayehisi watoto wamemla mwili na akili, akifungua kitabu hicho ukurasa wowote atajiona amekaa juu ya utajiri. Ningekuwa na uwezo, ningeanzisha tuzo kwa jina la Kitereza, na ningeitoa kwa miswada iliyolala kwenye masanduku miaka mingi.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Vitabu havifiki.

Nenda kwenye maduka yetu ya vitabu na vifaa vya shule, Kahama, Geita au Shinyanga. Utapata madaftari, kalamu na karatasi za kuchapishia. Utapata vitabu vya mtaala: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Ngoswe, Orodha, kwa sababu mwanafunzi anatumwa kununua. Ukiuliza diwani iliyoshinda mwaka fulani, muuzaji atakuangalia kwa upole na kukuuliza ni ya kidato cha ngapi. Si kosa lake. Anaweka kinachouzika. Mwenye kuihitaji diwani hiyo inabidi atafute mchapishaji Dar es Salaam, alipe kwa simu, kitabu kipakiwe kwenye basi, aende stendi kukipokea. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi anakwenda stendi kupokea mashairi. Wapo wanaofanya hivyo, nawajua, na nawaheshimu. Lakini tuzo ya taifa haiwezi kutegemea ushujaa wa aina hiyo.

Wala si kwamba hatuna uwezo wa kuvileta. Mikoa hii si maskini wa vitu vya ardhini. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita umezalisha dhahabu tangu mwaka 2000, Bulyanhulu tangu 2001. Kwa sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Geita una watu karibu milioni 3 na Shinyanga zaidi ya milioni 2.2, na sehemu kubwa sana ni watoto. Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, mwenye leseni anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana nao na halmashauri. Kwa fedha hizo tumepata madarasa, zahanati, madawati, na tunashukuru, maana mtoto hawezi kusoma juani. Ninachoomba ni kwamba madiwani wetu wanapokaa kupanga orodha ya miradi, mmoja wao ainue mkono na kusema: tuweke na vitabu. Seti kamili ya washindi wa tuzo hizi mbili kwa kila shule ya sekondari, kwa kila kata yenye chumba cha kusomea, na hasa kwa kila kliniki ya mama na mtoto. Naam, kliniki. Mama anakaa pale kwenye benchi asubuhi nzima akisubiri mtoto apimwe uzito. Pawepo na rafu, na diwani, na mtu wa kusoma kwa sauti. Gharama ya rafu hiyo haifiki hata theluthi ya darasa moja.

Angalieni jambo hili. Kampuni ya mabati ya kuezekea ndiyo iliyoweka fedha za tuzo, ikampa mtunzi wa Kiswahili heshima. Bati lilifanya hivyo. Dhahabu nayo ina nafasi, na nafasi hiyo iko mezani kwa halmashauri zetu kila mwaka wa bajeti. Diwani wako yupo, unamjua kwa jina na nyumba. Kabla ya vikao vya mpango, mwendee.

Na wachapishaji, ombi langu kwenu ni fupi. Tuzo nyingi hutolewa kwa miswada. Mshindi anatangazwa, redio tunamtaja, watu wanauliza, na kitabu bado kiko kwa mhariri. Kikija kutoka, hamu imepoa. Chapeni mapema, na mtume Kanda ya Ziwa kabla hamjaongeza nakala nyingine Dar es Salaam.

Kuanzia wiki ijayo, siku hii na saa hii, nitakuwa nasoma mashairi machache kutoka kwenye orodha hii kila kipindi, kwa wale walio mbali na kitabu, kwa ruhusa ya wenye haki zake. Nitaanza na Dotto Rangimoto, kisha Ghassani. Wekeni redio karibu na watoto, msiwanyamazishe. Na kama una nakala yoyote ya washindi hawa ambayo umeshaimaliza, iko kabatini na hujui umpe nani, ilete mapokezi hapa kituoni ukiandika jina lako ndani ya jalada. Tutaifikisha kwa mama atakayeisoma, naye akimaliza ataandika jina lake chini ya lako na kuipitisha kwa mwingine.